Kujiamini pekee hakukukifunga kiwanda cha Owino Uhuru

Kwa Mhariri,

Kila kunapokuwa na kongamano la vijana hapa Mombasa, hakosekani mzungumzaji wa kuwaambia washike wanaloliamini na jamii itabadilika. Sina ugomvi na wito huo, ila huishia pale ambapo kazi yenyewe inaanzia, na mfano wanaopenda kuutaja, wa Phyllis Omido na kijiji cha Owino Uhuru, unaonyesha hivyo.

Bi Omido alikuwa mwajiriwa wa kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Mwanawe mchanga alipougua na damu yake kupatikana na sumu ya madini hayo, angeweza kumuuguza na kunyamaza, jambo ambalo wengi wetu, tukisema kweli, tungelifanya. Badala yake alihakikisha watoto wengine wa kijiji wanapimwa, nao wakapatikana na sumu iyo hiyo. Kuanzia hapo hakuwa tena mama mwenye shaka moyoni. Alikuwa na karatasi za maabara mkononi, na ndizo zilizowafanya majirani, ambao baadhi yao walikitegemea kiwanda hicho kwa riziki, waanze kumsikiliza.

Hata hivyo alikamatwa mwaka 2012 kwa madai ya uchochezi, na ilibidi mahakama imwachilie. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Wazungumzaji wetu hukomea kwenye tuzo. Hawasemi kwamba Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024, muda ambao mtoto aliyezaliwa kiwanda kikifungwa alikuwa amefika darasa la juu la msingi.

Ningependa kijana anayeishi kando ya jaa la taka au mtaro wa majitaka aambiwe pia kwamba Katiba ya 2010, katika kifungu cha 42, inampa haki ya mazingira safi, na kwamba kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda kortini bila kulazimika kuthibitisha kuwa kuna mtu aliyekwisha kudhurika. Aelezwe jinsi ya kuandika malalamiko kwa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira, na kubaki na nakala iliyopigwa muhuri, kwani afisa anaweza kukana maneno ya mdomo lakini si muhuri wa ofisi yake. Wanaoandaa makongamano haya wana uwezo wa kumwalika wakili mmoja na wakazi wawili watatu wa Owino Uhuru, ambao nauli yao kutoka Mikindani ni ndogo kuliko gharama ya mabango ya ukumbini.

Mkazi wa Changamwe,
Mombasa