Shoga, hela ya palilia usiikope kwa kilo za korosho

Shoga yangu,

Habari za Tandahimba, na huyo mwanao ameshazoea shule au bado analilia Mbagala? Sisi huku Newala wazima, mvua inasuasua kukatika ila mihogo tunayo na mbaazi zinaelekea kuzuri. Voisi noti zako nimezisikiliza zote nikiwa jikoni, nikasema hizi si za kujibu kwa meseji mbili tatu, acha nikae nimwandikie mtu barua kamili asome taratibu.

Umeniuliza nani huko kijijini anakopesha kwa riba nafuu. Swali zuri lakini la mtu wa mjini hilo, usinune. Kule ulikuwa unauza chapati, hela inaingia kila siku, mtu akikwambia asilimia kumi kwa mwezi unalipa huku unacheka kwa sababu mtaji unazunguka. Sasa hivi we ni mkulima wa mikorosho bana, hela yako ya maana inaingia mara moja kwa mwaka, kuanzia mwezi wa kumi mnada ukianza, na hata hapo haiji siku hiyo hiyo, korosho inakwenda ghala la chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima, we unapewa stakabadhi ya kilo zako, inauzwa mnadani, hela inaingia benki, ndo uipate. Kwa hiyo kabla hujauliza riba uliza rejesho la kwanza ni lini. Mkopo wa riba ndogo unaodai rejesho kila wiki kuanzia mwezi wa tano utakumaliza, utakuwa unakopa kwa mwingine kumlipa huyu.

Tuanze na huyo bwana aliyekuja hapo kwenu kabla hata hujamaliza kufungua mabegi. Ulivyomwelezea kwamba mpole, anakuita dada, hataki riba, hataki fomu, anataka tu umuandikie kilo utakazompa msimu ukifika. Shoga hiyo ndo kangomba yenyewe. Tulikuwa tunaisikia tangu wadogo, mama zetu wakiinong'ona kama ugonjwa. Chukua kalamu. Amesema atakupa elfu moja mia tano kwa kilo, we unataka laki na nusu, maana yake unamuandikia kilo mia. Minada ya mwanzo ya msimu wa 2024 huku kwetu kilo ilipita elfu nne, si ulisikia hata huko Dar? Kwa bei kama ile kilo mia ni laki nne. Umekopa laki na nusu umelipa laki nne kwa miezi kama mitano, halafu eti haina riba! Hata ikishuka ikawa elfu tatu bado amekutoa mara mbili ya hela yake. Na mwaka ambao mikorosho imegoma kuzaa, yeye kilo zake zinabaki pale pale, zinahamia mwaka unaofuata zikiwa zimeongezeka. Halafu serikali inaipiga vita, mwaka 2018 serikali ilivyonunua korosho yote kwa elfu tatu na mia tatu si unakumbuka mashamba yalihakikiwa, mwenye korosho bila shamba la kuonyesha akapata tabu, ila usijidanganye kwamba watu wa kangomba wameacha, wamejifunza kuongea taratibu tu.

Kuna na ndugu yake kangomba, rehani. Huyo anakupa hela nyingi kidogo ila mikorosho inakuwa ya kwake mpaka utakapomrudishia, anapalilia yeye anaokota yeye, we unapita njiani unaangalia mabibo ya mama yako. Hilo shamba usiliweke popote. Ni la marehemu mama, wajomba bado wana maneno, hati ya kimila huna, siku ukiliandika kwenye karatasi ya mtu ndo utajua una ndugu wangapi.

Haya, sasa pa kukopa.

Mi naanza na kikoba kwa sababu ndo benki yetu sie wanawake huku, na ndo sehemu ambayo jina la mama yako lina thamani kuliko kitambulisho. Nenda kwa wenzie mama, wale waliokuwa wanakaa nae Alhamisi chini ya mwembe, waulize sanduku lao liko kwenye hatua gani. Hii ni muhimu sana watu hawaiulizi, vikundi vingi vinakwenda mzunguko wa mwaka mmoja, mwishoni wanavunja wanagawana kila kitu alafu wanaanza upya. Ukiingia katikati wanakutaka ununue hisa za nyuma zote ulingane na wenzio, na ukiingia karibu na kuvunja hawakukopeshi maana madeni yote yanakusanywa. Ukikuta wameanza juzi juzi, ingia hapo hapo.

Utaratibu wao unaufahamu kidogo ila vya huku viko tofauti na ile michezo ya Mbagala. Watu kumi na tano mpaka thelathini hivi, sanduku la chuma lenye kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, hela inahesabiwa mbele ya wote, kila mmoja ananunua hisa moja hadi tano kwa kikao na anagongewa mhuri kwenye kitabu chake hata asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake. Yule dada wa mradi aliyetufundisha alituambia mtindo huu wa sanduku ulianzia Niger mwaka 1991 kwa wanawake wa huko Maradi, shirika la CARE ndo lililouanzisha, mi nilipenda sana kusikia hivyo maana wao nao ni watu wa jua kali na msimu mmoja kama sisi. Kukopa ni mpaka mara tatu ya hisa zako, ukiwa na hisa za elfu hamsini unaweza kuomba laki na nusu, unaleta wadhamini wawili kutoka humo humo ndani.

Riba yao usishtuke, utakuta asilimia tano, wengine kumi kwa mwezi. Ni kubwa ndiyo, ila haiondoki kijijini, inabaki kwenye sanduku na mwisho wa mzunguko inagawiwa kwa hisa na we ukiwemo. Ile laki na nusu kwa asilimia kumi kwa miezi mitano ni elfu sabini na tano, na sehemu yake inakurudia. Linganisha na yule mpole wako. Lakini nakuomba, hela ya kikoba ichukulie vitu vya kurudi haraka, uniform, dawa, mtaji wa vitumbua vyako (na hapo kijijini hamna anayepika vitumbua vya maana nakwambia, anza kesho), vitumbua ndo vilipe rejesho. Usichukue hela ya kikoba ukaimwaga yote chini ya mikorosho ukasubiri mwezi wa kumi. Vipo vikundi vya wakulima wanakubaliana ulipe riba tu kila mwezi na deni lenyewe baada ya mnada, hicho ukikipata kikumbatie, uliza wazi wazi usione haya.

Alafu waulize kama wamesajiliwa halmashauri. Tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 vikundi kama hivi vinatakiwa vijisajili, wenyewe wanaitwa daraja la nne, na cheti kinasaidia siku mtunza sanduku akipata mawazo mabaya.

Kama riba inakukwaza kwa dini, nakumbuka bi mkubwa wako alikuwa mkali sana kwenye hilo, wapo wamama wa hapo msikitini wanacheza upatu wa kawaida, kila wiki mnachanga anapewa mmoja, hamna riba hamna nini. Watu wanauona upatu kama kuweka akiba lakini ukiomba zamu ya kwanza ule ni mkopo wa bure kabisa. Tatizo zamu ya kwanza kila mtu anaitaka, na mgeni hapewi. Mtume mtu anayekuamini akuombee, au mbadilishane zamu.

Sasa ile hela ya halmashauri uliyoisikia redioni. Ipo, si uongo. Halmashauri inatenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, na haina riba hata shilingi. Ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na watu kutorudisha, ikarudi 2024 na masharti yamekazwa. Hapewi mtu mmoja, wanapewa kikundi, chenye katiba, akaunti ya benki, mradi unaoeleweka, na maombi yanaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Usiitegemee kwa palilia ya mwaka huu, maana kuanzia muhtasari wa kikao mpaka hela kuingia, magugu yatakuwa yameshakufunika wewe na mikorosho. Ila anza sasa na wenzio wanne watano mnaojuana tabia, kwa ajili ya mwakani, mashine ya kupulizia kwa mfano, mkawa mnakodisha kwa wengine. Na chagua watu vizuri maana asiporudisha mmoja wanaitwa wote. Kuna kikundi hapa kwetu mwenyekiti alihamia Masasi na hela, wenzie mpaka leo wakiona gari la halmashauri wanaingia ndani.

Chama cha msingi, hapo nakulazimisha. Nenda kaulize daftari la wakulima limeandikwa jina la nani. Kama bado ni jina la marehemu mama, mwone mtendaji wa kijiji mpeane karatasi za kubadilisha, kwa sababu salfa ya ruzuku, ile dawa ya kupulizia mikorosho, inatolewa kwa mkulima aliyesajiliwa, na malipo ya korosho yanaingia kwenye akaunti iliyoandikwa humo. Ukipata salfa kwa ruzuku nusu ya mkopo unaoutafuta huuhitaji tena, utabaki na palilia na vibarua wa kupulizia. Hapo hapo uliza kama wana SACCOS, yaani chama cha kuweka na kukopa, au kama kuna yoyote karibu. Ile inataka uanachama na akiba kwanza hivyo kwa leo haikusaidii, lakini ni mahali ambapo watu wanaokukopesha wanajua mnada ni mwezi gani, rejesho wanaweza kulipanga lifuate msimu.

Kuhusu wale wa pikipiki wenye vizibao, kausha damu, sina maneno mengi. Wapo wenye leseni ya Benki Kuu na wapo wenye kizibao tu. Mwenye leseni hatakiwi kuzidisha riba ya asilimia tatu na nusu kwa mwezi, wewe mwambie akuonyeshe leseni na akuandikie jumla utakayorudisha, na ada ya fomu, na bima, vyote kwenye karatasi moja, uone atakavyokumbuka ana safari. Wanapiga picha kabati na masufuria wakisema ni utaratibu. Na yeyote atakayekwambia umuachie kadi ya benki na namba ya siri mpaka msimu, hata awe mwalimu, hata awe shehe, mkimbie. Hela ya simu nayo, ile ya kuongezewa ukipungukiwa, ni ya chumvi na nauli. Zile programu za mikopo za kupakua kwenye simu usiziguse kabisa, mwezi wa kumi na moja 2024 Benki Kuu ilizitaja 69 zisizo na leseni, zile ndo zinapigia simu mpaka shemeji zako kukutangazia deni.

Mi nikupangie ninavyoona, we utakataa utakachokataa. Shamba ni heka ngapi hasa, tatu? Usipalilie zote. Palilia zile mikorosho bado yenye nguvu, zile za chini mabibi vizee zifagilie tu kidogo karibu na kuokota. Vibarua ongea nao nusu sasa nusu baada ya mnada, wengi wanakubali kama ni watu wa hapo hapo na walimjua mama. Hapo mahitaji yako ya fedha taslimu yanashuka sana, labda elfu themanini, laki. Hiyo mi nakutumia elfu arobaini Ijumaa, ni mkopo, naitaka, ila utanipa korosho zikiuzwa na siiongezi hata mia. Inayobaki kaiombe kwa wenzie mama.

Huyo bwana mpole akirudi mwambie shamba lina wajomba watatu na wote wanataka kuongea nae. Atapotea mwenyewe.

Jumatano ijayo nakuja huko kuna harusi ya upande wa shemeji, nitalala kwako siku mbili, tutaenda pamoja ofisi ya kata. Tafuta kitambulisho cha NIDA, kile cha mama pia kama mlikihifadhi, cheti cha kifo, na picha ndogo zako nne. Unga usinunue nabeba wa muhogo.

Msalimie mwanao, mwambie shangazi anakuja na embe mbivu.

Mimi shoga yako wa Newala