Malalamiko: printa yenu imekataa katriji ambayo bado ina tona (unga wa wino)

Kwenu huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Nina steshenari ndogo hapa Mabibo jirani na hosteli, wateja wangu wengi ni wanachuo wanaoprinti ripoti za fildi. Printa yenu ya leza niliinunua kwa hela ya kikoba, huu mwaka wa pili na inaprinti vizuri sana, shida ni katriji.

Jumatatu usiku nimeacha waifai iko on, printa ikajiapdeti yenyewe, asubuhi nawasha inaniambia katriji haitambuliki, weka orijino. Jamani katriji ni ile ile iliyokuja ndani ya boksi lenu! Fundi ameijaza tona mara mbili na kubadilisha chipu, kile kidude kinachoitambulisha katriji kwa printa, elfu 15 tu, na wiki hiyo hiyo ndo ilikuwa imetoka kujazwa. Wanafunzi watano wamepanga foleni, mmoja ana prezentesheni saa nne, nikawaambia waende kwingine. Orijino mpya nimeulizia ni laki na 80.

Mimi sichezei hii mashine. Taa ya tona ikiwaka sikimbilii kununua, natoa katriji, naishika kwa mikono miwili imelala sawa, naitikisa taratibu kushoto kulia mara tano sita mpaka nasikia unga unatembea ndani, narudisha. Mara ya mwisho nilihesabu kurasa 140 baada ya hiyo taa na zote zinasomeka, kwa hiyo yule aliyetii taa akatupa, katupa tona nzima nzima. Kazi za kusahihisha naprinti kwa drafti, yaani tona kidogo, nakala ya kukabidhi ndo naweka kawaida.

Sasa chini ya meza nina katriji nne za printa yangu ya zamani, nilimuuliza wakala wenu nizipeleke wapi akasema tupa tu. Gari la taka linazipeleka dampo la Pugu, na ule unga mweusi wenyewe ni plastiki iliyosagwa, ukimwagika unapeperuka na watu wanaokota taka pale wanauvuta. Sisi mifuko ya plastiki tuliacha 2019 tukabeba vikapu, na nyie mnashindwa kuacha kitu kizima kitumike?

Tena Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema 2017 kwenye kesi ya Lexmark, kampuni ya printa, kwamba katriji ukishaiuza, hataza yako (patenti) haikupi tena nguvu ya kumzuia mnunuzi asiijaze. Hii nimeilipia, ni yangu.

Naomba mnirudishie programu ya zamani ya printa, muweke sehemu ya kukataa apdeti, na mawakala wenu wapokee katriji zilizokufa kabisa. Risiti na picha ya ule ujumbe nimeambatanisha. Nijibuni wiki hii tafadhali, wanachuo wanakabidhi ripoti Ijumaa na printa imekaa tu mezani.