Barua ya wazi kwa Chifu wetu: tuandikie hiyo barua tumzike Fundi

Chifu, habari ya kazi. Naandika hapa kwa sababu ofisini kwako tumekuja mara tatu na zote tatu hatukukupata, mara uko baraza, mara umeitwa mkutano, na sikulaumu, kazi yako najua si ya kukaa kwa kiti. Lakini maiti haingoji. Ama niseme inangoja, lakini inangoja na bili.

Ni ile stori ya Fundi. Wewe mwenyewe unamjua, yule Mkongo wa cherehani pale kwa kibanda cha mabati ukishuka kwenda kwa kisima, na hata hiyo suruali yako ya kaki nadhani imewahi kupita kwa mikono yake. Alikufa kwa nyumba usiku wa kuamkia Jumapili, sukari na presha, daftari yake ya kliniki iko, polisi walikuja wakaandika kwa OB, daftari yao ya matukio, wakaona hakuna neno baya, tukampeleka mochari. Leo ni siku ya 16.

Sasa shida ilianzia hapa. Mtu akifia hospitali makaratasi yanaanzia hukohuko kwa daktari, lakini akifia nyumbani kifo kinaandikwa kwa chifu ama naibu wake, na bila hiyo hakuna kibali cha mazishi. Tulipofika ofisini tukaambiwa na kijana aliyekuwa kwa meza, leteni mtu wa damu mwenye kitambulisho. Sawa. Mtu wa damu katika Kenya hii yote ni mmoja tu, dadake, na ako Kakuma. Na mkimbizi wa Kakuma hapandi gari ya Kitale vile mimi na wewe tunapanda, lazima apewe pasi ya kutoka kambini, na ukiomba pasi unaulizwa sababu, akisema mazishi anaulizwa mazishi ni lini na karatasi iko wapi, na karatasi hakuna juu kibali hakijatoka. Yaani kibali kinangoja dada, dada anangoja pasi, pasi inangoja kibali, na mochari inaandika mia tano kila asubuhi.

Mimi ndio mweka hazina kwa hivyo wacha nikuambie hizo pesa zinatoka wapi, ndio ujue ni nini inaliwa hapo.

Tulipofungua nyumba yake kutafuta kadi yake ya mkimbizi tulipata daftari ya madeni. Unajua Januari hapa Nakuru vile huwa, vumbi na karo, mzazi analipa shule halafu mtoto hana yunifomu, na Fundi alikuwa anashona tu, anaandika jina, anakwambia utaleta mukubwa, utaleta. Kulikuwa na majina mengine ya miaka mitatu nyuma. Tulisoma hayo majina kwa matanga siku ya kwanza (wengine walisema ni aibu tusisome, mimi nilisema tusome, na bado nasema ilikuwa sawa) na watu wakaanza kusimama wenyewe. Mama mmoja wa omena alileta 350 ya sketi ya msichana ambaye saa hii ameolewa. Vijana wa boda walichanga 50 50 wakafika 4,200. Kanisa lake 6,000. Landlodi, ambaye mimi nilikuwa namuona mtu mgumu, alisema kodi ya huo mwezi tuisahau na akaongeza elfu mbili. Mpaka jana jioni kwa simu yangu na kwa keshi tulikuwa na 41,300, na kila shilingi imeandikwa, ukitaka kuona nitakuonyesha hata leo.

Sanduku tumeshapatana na fundi wa mbao, hilo anafanya kwa bei ya mbao tu juu walikuwa marafiki. Inabaki kaburi, gari, na chakula kidogo. Zingetosha. Lakini 8,000 tayari ni ya mochari, hiyo ni kama deni ya Januari ya wazazi wangapi? Walilipa pesa ya kumzika na inaenda kulipa kumlaza.

Kuna watu wanauliza si arudishwe kwao. Arudishwe wapi? Huyu alitoka Goma mwaka wa 2012, wale waasi wa M23 walipoingia mara ya kwanza, akapitia Uganda mpaka Kakuma, baadaye akaja huku. Na hao hao wakaingia Goma tena Januari 2025, Februari wakachukua Bukavu. Alikuwa anasikiliza hizo habari kwa redio huku cherehani imesimama, na ilikuwa nadra sana hiyo cherehani kusimama. Kwao ilikuwa ni huku. Siku moja tukichangia mazishi ya jirani alituambia hata kwa Kilingala matanga inaitwa matanga, akacheka sana, akasema basi fasi hii siwezi potea.

Kitu kinanitisha Chifu ni yale matangazo ya gazeti, ya maiti ambazo hazijadaiwa, unaona orodha halafu siku zikiisha wanazikwa pamoja. Huyu anadaiwa na plot tatu, kanisa, na stage nzima ya boda. Ni vile hakuna kati yetu mwenye jina kama lake.

Ombi letu ni barua mbili. Ya kwanza useme kwamba sisi majirani tumeishi na yeye miaka 11 na ndio tunachukua jukumu la mazishi, tuko tayari watu watano kuweka sahihi na kitambulisho, na landlodi wa sita. Kadi yake iko, imetolewa na serikali hii hii ya Kenya, ina picha yake. Ya pili ni ya dadake, iende Kakuma, iseme mazishi ni tarehe fulani, ndio aombe pasi akiwa na kitu mkononi. Tumeshaongea na yeye kwa simu na amekubali tumzike hapa, anataka tu afike kabla mchanga haujamwagwa. Ametuambia tusimfunike uso mpaka afike.

Kama kuna kipengele kinakuzuia kuandika, tuambie ni kipi, tukipeleke mbele. Tusiambiwe tu rudini kesho, kesho ni mia tano.

Jumatatu saa mbili asubuhi tutakuwa hapo nje, mimi, landlodi, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa boda, na daftari zote mbili, ya kliniki na ya madeni. Kama utakuwa umetoka tafadhali acha neno na huyo kijana wa meza.

Ni mimi,
Mweka hazina, kamati ya matanga ya Fundi
Nakuru