Reli tatu, jiji moja

Mhariri,

Tangu SGR, reli mpya ya umeme, ianze kubeba mizigo mwaka 2025, watu wanazungumzia mwendo na tani. Vipande vifupi vya reli vya kuingia gatini na kwenye yadi za makontena za Dar es Salaam havisemwi, wakati huko ndiko saa zinakopotelea.

Jiji hili lina reli za vipimo vitatu vya upana wa njia: reli ya kati milimita 1,000, TAZARA (reli ya kwenda Zambia) 1,067 na SGR 1,435. Wapo wanaouliza kwa nini isilazwe reli ya tatu kando ya mbili zilizopo ili mabehewa ya reli ya kati na ya TAZARA yapite njia moja. Chukua rula. Tofauti ni milimita 67, na kitako cha reli moja kinazidi milimita 100. Haziwezi kukaa bega kwa bega. Ndiyo maana Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana, mzigo hushushwa na kupakiwa upya.

Reli ya kati na SGR zinaweza kugawana njia, maana milimita 435 zinatosha kabisa. Lakini behewa la reli ya kati halitakaa katikati: litasogea upande wa reli ya pamoja kwa karibu sentimita 22. Nguzo, kingo za majukwaa na kreni zipimwe upya. Reli zote tatu za njia hiyo ziwe za uzito mmoja, la sivyo nyuso zake za juu hazitalingana kimo na behewa litainama. Penye kugeuzia njia mapengo kwenye reli huongezeka, na hapo ndipo gurudumu huacha reli kirahisi.

Halafu kuna waya wa umeme wa SGR, wa volti 25,000, unaopita juu ya njia. Kreni hainyanyui kontena chini ya waya huo, kwa hiyo njia za kupakilia lazima ziachwe bila waya na kichwa cha dizeli kiwepo cha kusukuma mabehewa. Kikiharibika bila cha akiba, treni nzima ya umeme itasubiri nje ya yadi.

Jambo dogo, ila linaangusha mabehewa: vivuko vya barabara. Ukingo wa gurudumu hushuka karibu sentimita 3 chini ya uso wa reli. Mvua ikileta mchanga kwenye mfereji wa ukingo huo kando ya reli na malori yakaushindilia, gurudumu hupanda juu yake badala ya kufuata reli. Dawa yake ni mtu mmoja mwenye mtaimbo na ufagio, kila asubuhi, kabla treni ya kwanza haijapita.

Mdau wa reli,
Temeke, Dar es Salaam