Mhariri, beri ni tunda la kula, sio kidonge

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana kuna kitu kinanikera kila nikisoma kurasa za afya, nacho ni hizi habari za beri. Utaambiwa stroberi zinasafisha sumu mwilini, bluberi zinaponya magonjwa makubwa, mara kuna poda yake, mara kapsuli, mara sirapu ya kijiko kimoja asubuhi na jioni, mpaka msomaji anamaliza makala nzima hajaambiwa kwamba haya ni matunda, ni matamu, na yanaliwa tu. Mimi nazipenda sana beri na faida zake zipo kweli, tena nzuri, ila zipo kwenye tunda zima lililoiva na likaliwa freshi, huko kwenye makopo na chupa, faida nyingi zimeshapotea.

Nianze na raha yenyewe kwa sababu ndo inaachwa kila siku. Stroberi iliyoiva vizuri inakuwa nyekundu mpaka juu kabisa kwenye kikonyo na harufu yake unaisikia kabla hujaishika, ukiona sehemu ya juu bado nyeupe ujue ilichumwa mapema na hapo hakuna cha kusubiri, stroberi ikishatolewa kwenye mche haiongezi utamu hata uiweke siku ngapi. Rasiberi iliyo tayari ukiigusa inaachia yenyewe, katikati iko wazi, ukiiweka mdomoni inalainika hapohapo na uchachu wake unakuja taratibu nyuma ya utamu. Blakberi ina uchachu mkali zaidi na mbegu zinasikika. Halafu bluberi, ule ungaunga mweupe juu ya ganda watu wanausugua kwa nguvu wakidhani ni dawa ya wadudu, jamani ile ni nta ya tunda lenyewe na ukiiona imekaa vizuri ni dalili kwamba tunda halijashikwashikwa.

Sasa faida. Gramu 100 za stroberi freshi zina vitamini C kama miligramu 59 hivi, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate miligramu 45 kwa siku, kwa hiyo bakuli moja la kawaida limeshakutosheleza na bado hujapata hata kalori 40 kwa kila gramu 100. Hiyo vitamini C pia inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na nafaka, ndo maana ni vizuri kuzila pamoja na chakula. Rasiberi zenyewe nguvu yake ni nyuzinyuzi, karibu gramu 6 na nusu kwa kila gramu 100, ni nyingi sana kwa tunda laini namna ile, na nyuzinyuzi ndo zinafanya sukari iingie kwenye damu polepole na choo kiwe laini.

Na ile rangi ya nyekundu, zambarau na bluu sio urembo tu, inatokana na kemikali za mmea zinaitwa anthosianini ambazo watafiti wa moyo wamezifuatilia muda mrefu. Mwaka 2013 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake 93,600 kwa miaka 18, wale waliokula bluberi na stroberi zaidi ya mara 3 kwa wiki hatari yao ya kupata mshtuko wa moyo ilikuwa chini kwa asilimia 32 hivi ukilinganisha na waliokula mara moja kwa mwezi au chini ya hapo. Utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi kwamba beri peke yake ndo zilifanya kazi, na hilo waandishi wa afya walitakiwa waliseme kila wanapotaja namba hiyo, lakini angalia, hao wanawake walikuwa wanakula matunda kwenye milo yao ya kawaida miaka yote hiyo, wala hakuna dozi ya wiki mbili hapo.

Ukichuja juisi nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio, ukichemsha vitamini C inaharibika kwa moto, na jemu ya kawaida nusu yake au zaidi ni sukari. Za kugandishwa mimi sina ugomvi nazo, zikigandishwa zikiwa zimeiva zinabaki na sehemu kubwa ya uzuri wake. Kranberi nazo, zile beri nyekundu chachu, zinasaidia kupunguza UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) kurudirudi kwa baadhi ya wanawake, ila kupunguza isirudi ni tofauti kabisa na kutibu iliyokwishaingia, mwenye maumivu na homa aende hospitali. Na anayetumia warfarin ya kuzuia damu kuganda aongee na daktari wake kabla hajaanza juisi ya kranberi kila siku.

Ninachoomba Mhariri, makala zijazo ziwaambie watu na mambo ya kawaida ya kuzitunza. Usizioshe mpaka unapotaka kula maana unyevu unaleta ukungu, stroberi ziosheni na vikonyo vyake maji yasiingie ndani, na ukiona moja ina ukungu wa kijivu itoe haraka sana kwa sababu unahamia kwa za jirani, zilizobaki weka frijini. Na wenye watoto wadogo muwakumbushe tafadhali wakate bluberi vipande vinne, nzima ni ya mviringo na inaweza kumkaba mtoto kooni, hili sijawahi kuliona limeandikwa kwenye ukurasa wenu.

Ni mimi msomaji wenu