Barua ya wazi kwa Diwani wetu: tope limo ndani ya mabomba

Mheshimiwa Diwani,

Salaam kutoka kwa wakazi wa kata yako hapa Arusha.

Kila mgao unapokwisha, ndoo ya kwanza hutoka na rangi ya chai. Tunaambiwa mvua za Meru zimechafua chanzo. Mvua huchafua, ni kweli, lakini mbona maji hayo huja hata kiangazi, tena nyumba za mwisho wa laini ndizo zinazoumia zaidi?

Juzi fundi alikata kipande cha bomba la chuma mtaani kwetu. Kutu ilikuwa imejaa ndani hata kidole cha shahada hakikupita, na juu yake umeganda utelezi mweusi. Mchanga, kutu na manganizi (madini yenye kuacha weusi) hutuama pale maji yanapokwenda polepole, hasa mabondeni na mwisho wa laini. Maji yakikatika kisha yakarudi kwa presha, uchafu wote huo huibuka na kuingia majumbani.

Mashati ya shule yanaota madoa, na ukiyatia dawa ya klorini madoa yanakolea. Hilo tungelivumilia. Kinachotutisha ni kwamba tope humaliza njiani klorini inayotiwa majini kuua vijidudu, na kuwapa vijidudu hao maficho. Shirika la Afya Duniani linataka klorini imfikie mtumiaji ikiwa angalau miligramu 0.2 kwa lita. Je, hupimwa kwenye bomba la mwisho, au kwenye tangi kuu tu? Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi manganizi wala floraidi, ambayo sisi wa Arusha tunaijua kwa meno yetu yenye madoa ya kahawia.

Tunakuomba ulipeleke hili kwenye baraza la madiwani. Laini zisafishwe kwa ratiba: vali zifungwe kwa zamu, maji yasukumwe upande mmoja kuanzia kwenye chanzo, yamwagwe mtaroni mpaka yatakate. Kufungulia kidogo kidogo hakusaidii. Yanatakiwa yakimbie kama mita 1.5 kwa sekunde ndipo tope ling'oke. Tutangaziwe mapema ili tufunge koki za matangi. Sasa hivi tunasafisha laini kwa ndoo zetu, na kila ndoo tunayomwaga imeshapita kwenye mita, tunailipia.

Mabomba ya chuma yaliyochakaa yabadilishwe, yakitangulia yanayolisha shule na zahanati.

Tunaomba ratiba hiyo isomwe kwenye mkutano ujao wa hadhara.

Mkazi wa kata yako,
Arusha