Sisimizi wa jikoni, kabla hujapuliza dawa angalia kiuno chake

Habari zenu wateja wetu wa Mwanza. Wiki hii tumeitwa nyumba moja kule Nyegezi, mama mwenye nyumba kamaliza makopo matatu ya dawa ya kupuliza, kila jioni anapuliza, na sisimizi badala ya kuisha ndo kwanza wametokea bafuni, chumbani kwa watoto, mpaka kwenye ndoo ya dagaa. Alikaribia kulia jamani. Na dawa yake wala haikuwa feki.

Iko hivi, sisimizi ni chungu, na chungu wote ni familia moja, Formicidae, ila ndani yake kuna nusufamilia nyingi, yani matawi ya familia, na tabia zao hazifanani. Siafu ni Dorylinae, hawana macho na wanahamahama, mara nyingi wanapita tu. Majimoto wa kwenye miembe ni Formicinae, hawana mwiba ila wanang'ata alafu wanamwagia asidi, ndo maana panachoma vile. (Mchwa sio chungu kabisa, ndugu zake ni mende.)

Sasa wale wadogo wa njano wa huyu mama ni Monomorium pharaonis, nusufamilia ya Myrmicinae, ambayo ndo kubwa kuliko zote, karibu nusu ya aina za chungu duniani ziko humo. Wa Myrmicinae utamjua kwa kiuno, kina vinundu viwili, wakati majimoto anacho kimoja tu. Na hawa wa njano kiota kimoja kina malkia wengi, kwaiyo ukipuliza unaua wale walioko njiani tu, waliobaki wanabeba mayai na watoto, baadhi ya malkia wanaenda nao, wanaanza upya nyuma ya soketi au kwenye ufa wa ukuta, yani kiota kimoja umekigawa mwenyewe bila kujua.

Dawa yao ni chambo chenye sumu ya polepole, wakibebe wenyewe wakawalishe malkia na watoto ndani huko. Inachukua wiki kadhaa, na tunaomba sana muda huo usipulize chochote karibu na chambo maana watakikimbia.

Ukituita, mnase mmoja kwa selotepu nyeupe usimponde, tutamwangalia kwa lenzi kabla hatujakutajia bei. Yule mama tumemwekea chambo juzi, makopo yaliyobaki kayafungia kabatini, wiki ijayo tunarudi kuangalia.